MIZANI YA NAULI IKO MIKONONI MWA NANI?

Mwenye duka la sukari haruhusiwi kujikagulia mizani yake mwenyewe. Wakala wa Vipimo humwendea, huipima mizani ile kwa mawe yaliyothibitishwa, na ikionekana ni sawa huitia muhuri. Pampu ya petroli nayo hukaguliwa vivyo hivyo. Hatujapata kumsikia mtu mwenye akili timamu akisema kwamba utaratibu huo ni uonevu kwa wenye maduka au kwa wenye vituo vya petroli. Kila mtu ajua kwamba mizani isiyokaguliwa yaweza kumpunja mnunuzi, na kwamba hata muuzaji mwaminifu hana njia nyingine ya kuuthibitisha uaminifu wake.

Leo twataka kuzungumza na wasomaji wetu juu ya biashara ambayo mizani yake haionekani kwa macho, nayo ni biashara ya teksi za mtandao. Tangu teksi hizi zilipoingia Dar es Salaam mwaka 2016, tumebishana sana juu ya bei. Abiria asema nauli ni kubwa. Dereva asema haimtoshi hata kununua petroli. Kampuni yasema kamisheni yake ni ndogo kuliko gharama zake. Kila mmoja ana maneno yake, lakini ni mmoja tu kati ya hao watatu aliye na daftari lote mkononi. Madhumuni ya makala hii ni kueleza kwamba nauli haiwezi kudhibitiwa kwa haki maadamu hesabu yake yaonekana upande mmoja tu.

JEMA LAKE LISIFICHWE

Yatupasa kwanza kuwa waadilifu. Teksi za zamani katika miji yetu hazikuwa na kipimo cha nauli kilichofuatwa. Bei ilikuwa ya kupatana. Mgeni aliyeshuka bandarini au kituo cha mabasi na mizigo yake alitajiwa bei moja, na mwenyeji aliyejua njia alitajiwa nyingine. Mama aliyempeleka mtoto hospitali usiku hakuwa na nafasi ya kubishana, alilipa alichotajiwa. Dereva mwenyewe alikaa kijiweni saa nyingi akisubiri zamu yake, na huenda jua likazama bila ya kupata safari ya maana.

Simu iliyabadilisha mambo hayo. Abiria aijua bei kabla ya kupanda. Jina la dereva na namba ya gari lake vyabaki katika simu, na jamaa wa abiria waweza kuifuata safari tangu mwanzo hadi mwisho. Dereva hapati tena kazi kwa kujuana na wakubwa wa kijiwe. Hayo ni maendeleo, na mtu atakayeyakana atakuwa anakana jambo lililo dhahiri.

Lakini wahenga walisema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Katika miji mingi ya dunia makampuni haya yalianza kwa nauli za chini mno na kwa zawadi kwa madereva, ili watu wazoee. Watu walipozoea, na vijiwe vilipopungukiwa na abiria, zawadi zilipungua na makato yakaanza kuhisiwa. Kufikia wakati huo dereva alikuwa amekwisha kukopa au kuingia mkataba wa gari, na hakuweza kurudi nyuma.

YALIYOTUKIA MWAKA 2022

Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, yaani LATRA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2019, na moja ya kazi zake ni kupanga nauli. Mwaka 2022 Mamlaka ilitangaza nauli mpya za teksi za mtandao na kuamuru kwamba kamisheni ya kampuni isizidi asilimia 15 ya nauli. Ada ya kuagiza safari nayo ilikatazwa. Madereva wengi walifurahi, maana hicho ndicho walichokuwa wakikililia.

Furaha ile haikudumu. Katikati ya mwezi wa Aprili mwaka huo kampuni ya Uber ilisimamisha huduma zake nchini, ikisema kwamba haiwezi kufanya kazi kwa masharti hayo. Mwezi wa Agosti kampuni ya Bolt nayo ilifunga huduma zake za kawaida, ikabakiza zile za wateja wa makampuni na mashirika. Mwezi wa Desemba 2022 Mamlaka iliyatazama upya masharti yake, na kiwango cha juu cha kamisheni kikawa asilimia 25, pamoja na ada ya kuagiza safari ya asilimia 3.3. Januari 2023 Uber ikarejea barabarani.

Wapo waliosema kwamba Mamlaka ilikosea kuweka asilimia 15. Wapo pia waliosema kwamba ilikosea kulegeza. Sisi twaona kwamba mabishano yote mawili yaliliacha kando jambo lenyewe. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi katika habari hii walikuwa ni madereva waliokuwa na magari ya mkopo, ambao deni lao halikusimama kwa sababu kampuni imesimama. Kama sheria yataka kuwalinda watu hao, haina budi kujua kwa hakika ni kiasi gani kinachobaki mfukoni mwao, na kuanzia hapo.

Majirani zetu wa Kenya walipita njia inayofanana na hiyo. Kanuni zao za mwaka 2022 ziliweka kikomo cha kamisheni cha asilimia 18. Hata hivyo, mwaka 2024 madereva wa Nairobi walichukua hatua ya kujiandikia orodha ya nauli wao wenyewe na kuwaonyesha abiria ndani ya gari, wakisema kwamba bei iliyotolewa na simu haiwatoshi. Kwa nini dereva aliyepunguziwa makato aendelee kulia? Jibu lake si fumbo, na mtu yeyote ajuaye kujumlisha na kutoa aweza kulipata.

TUFANYE HESABU

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Safari ni ya kilomita 8, na abiria alipa shilingi 8,000. Ili kumfikia abiria huyo dereva amekwenda kilomita 4 bila ya mtu ndani. Kwa hiyo gari limetembea kilomita 12. Tuseme linakunywa lita moja kwa kilomita hizo 12, na lita ni shilingi 3,000. Tuseme tena kwamba gari si lake, na kila siku hana budi kupeleka hesabu ya shilingi 25,000 kwa tajiri.

Kamisheni ikiwa asilimia 25, kampuni yachukua shilingi 2,000. Zabaki 6,000. Ukiondoa petroli, zabaki 3,000. Dereva huyo atamaliza hesabu ya tajiri katika safari ya tisa, na hapo ndipo atakapoanza kujitafutia chakula cha watoto wake.

Kamisheni ikiwa asilimia 15, kampuni yachukua 1,200. Baada ya petroli zabaki 3,800, na hesabu ya tajiri yaisha katika safari ya saba. Bila shaka amepata nafuu.

Lakini sasa tuseme kwamba kamisheni imebaki asilimia 15 kama sheria itakavyo, na kampuni, kwa kushindana na wenzake, imeishusha nauli ya safari ile ile hadi shilingi 6,500. Kampuni yachukua 975. Zabaki 5,525, ondoa petroli, zabaki 2,525. Hesabu ya tajiri haiishi mpaka safari ya kumi. Sheria haikuvunjwa hata kidogo, makato yamepungua kwa kila namna, na dereva yuko chini kuliko alivyokuwa zamani katika asilimia 25!

Hivyo ndivyo asilimia inavyoweza kumdanganya mtu. Asilimia ni sehemu ya kitu, na maadamu kitu chenyewe chaweza kukuzwa na kupunguzwa na mtu mwingine kila dakika, kuizuia sehemu peke yake ni sawa na kufunga dirisha huku mlango uko wazi. Na tazama zile kilomita 4 za kumfuata abiria. Katika mfano wetu hakuna aliyezilipia ila dereva, naye amezilipia kwa petroli yake, kwa matairi yake na kwa muda wake.

Kuna jambo la zaidi. Katika miji mingi ya Marekani, na baadaye katika London, Uber imeacha desturi ya kukata sehemu moja iliyo sawa katika kila safari. Bei anayotozwa abiria hukadiriwa kivyake, na malipo ya dereva hukadiriwa kivyake. Katika safari moja kampuni huweza kubaki na kidogo, na katika nyingine na kingi. Na ziko programu nyingine ambazo abiria hutaja bei aitakayo, na madereva wakaitikia au wakakataa. Yule mwenye njaa zaidi ndiye aitikiaye kwanza. Kule kupatana kwa zamani kumerudi, ila sasa anayepunguziwa ni dereva dhidi ya dereva mwenziwe.

KIPIMO CHA ZAMANI NA CHA SASA

Wako wasemao kwamba kuingilia nauli ni mambo ya kizamani, na kwamba soko liachwe lijiendeshe lenyewe. Kuwa ni mambo ya zamani twakubali, maana London ilikwisha kuyafanya mwaka 1662, pale sheria ilipoweka idadi ya magari ya farasi ya kukodi kuwa 400 na kutaja nauli zake. Mwishoni mwa karne ya 19 Wajerumani wakabuni chombo cha kupima nauli kwa mwendo na muda, na kufikia mwaka 1907 chombo hicho kikawa cha lazima katika teksi za London.

Faida ya chombo kile haikuwa ufundi wake peke yake. Kilikuwa mbele ya macho ya abiria na dereva kwa pamoja. Kilihesabu kwa kiwango kilichotangazwa. Na mkaguzi aliweza kukifungua, kukijaribu, na kukitia muhuri. Dereva asingeweza kukichezea, na mwenye gari vivyo hivyo.

Kipimo cha siku hizi kimekaa ndani ya mitambo ya kampuni, pengine katika nchi ya mbali. Mvua ikinyesha bei yapanda. Abiria wakipungua yashuka. Huenda kuna sababu njema ya mabadiliko hayo, maana bei ikipanda wakati wa mvua madereva waliolala huamka wakaja kazini. Lakini ni nani aliyekagua? Abiria aona jumla. Dereva aona kilichobaki. Mkaguzi wa umma, asipopewa kumbukumbu za safari, haoni kitu. Hatusemi kwamba kampuni ni mwizi. Twasema kwamba hata kama ni mwaminifu kama malaika, hana muhuri wa kutuonyesha.

WENZETU WALIOJARIBU

India, kwa mwongozo wa serikali yake wa mwaka 2020, iliweka nauli ya msingi, kisha ikaweka mipaka miwili: bei isishuke chini ya nusu ya msingi huo, wala isipande juu zaidi ya mara moja na nusu. Tena ikasema kwamba dereva apate si chini ya asilimia 80 ya nauli. Mwongozo mpya wa mwaka 2025 ulikipandisha kikomo cha juu hadi mara mbili. Mtu aweza kubisha juu ya viwango hivyo, lakini mpango wake wafaa kuangaliwa: sakafu, dari, na fungu la dereva vimewekwa pamoja, wala si kimoja kimoja.

Jiji la New York lilikwenda mbali zaidi. Kuanzia Februari 2019 dereva wa teksi za mtandao katika jiji lile ana malipo ya chini kabisa yanayohesabiwa kwa maili na kwa dakika za safari, na hesabu hiyo huutia ndani muda anaouzunguka bila ya abiria. Yaani zile kilomita tulizoziona katika mfano wetu, ambazo hazina mwenyewe, huko zimepata mwenyewe. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu moja tu: makampuni hulazimika kuikabidhi tume ya teksi ya jiji kumbukumbu za kila safari. Tume ilihesabu kwa takwimu za kweli, wala haikukisia.

Hatutaki kuwaficha wasomaji kwamba hata huko hila haikukosekana. Kwa kuwa muda wa kuzunguka bure uliigharimu kampuni, mwaka 2019 na tena mwaka 2024 makampuni yaliwafungia baadhi ya madereva programu kwa saa fulani, ili wasihesabiwe kuwa kazini. Tume ikalazimika kuzirekebisha kanuni zake. Hilo lafundisha kwamba udhibiti ni kazi ya kudumu, kama kulima. Hupandi mara moja ukaenda kulala.

HOJA YA KUKIMBIA KWA MAKAMPUNI

Yako maswali mawili ya haki yanayostahili kujibiwa.

La kwanza: nauli ikipandishwa ili dereva apate, je, mfanyakazi wa mshahara mdogo hataumia? Ataumia, na tusijidanganye. Nauli ikizidi uwezo wake atapanda bajaji au bodaboda, na dereva wa teksi atabaki na bei nzuri isiyo na abiria. Kwa ajili hiyo hatusemi kwamba dawa ni kupandisha nauli bila ya kikomo. Twasema kwamba nauli ina mafungu, na kabla ya kumrudia abiria ni lazima kila fungu litazamwe: la kampuni, la tajiri mwenye gari, na la petroli. Mfanyakazi apandaye teksi na mfanyakazi aiendeshaye si maadui. Abiria aliyefurahia nauli ya chini huku ameketi nyuma ya dereva aliyekesha saa kumi na sita akiitafuta hesabu ya tajiri, naye yumo hatarini.

La pili: masharti yakiwa magumu, je, makampuni hayataondoka kama mwaka 2022? Yaweza kuondoka. Barabara zitabaki, magari yatabaki, na watu watabaki. Lakini tuliona kwamba miezi michache ya kungojea yatosha kumfilisi mwenye deni. Kwa hiyo sharti lazima liwe ni lile ambalo kampuni yaweza kufanya kazi chini yake, na njia ya kulijua ni moja: daftari lifunguliwe. Kama kampuni yaweza kuonyesha kwa takwimu kwamba asilimia fulani haitoshi kuendesha mitambo, bima na huduma zake, basi ionyeshe, na mtu mwadilifu atakubali. Kama haiwezi, basi na sisi tutakuwa tumejua. Daftari lililo wazi humlinda pia mfanyabiashara wa kweli.

LA KUFANYA

Kwa maoni yetu, mambo manne yapasa kufuatwa.

Kwanza, sakafu ya nauli, dari yake, na kikomo cha kamisheni vipangwe kwa pamoja, maana tumeona kwamba kimoja bila ya vingine ni kazi bure.

Pili, kila safari itoe risiti moja inayosomeka sawasawa kwa abiria na kwa dereva: abiria amelipa kiasi gani, kampuni imechukua kiasi gani, na dereva amebakiwa na kiasi gani. Jambo hili halihitaji fedha nyingi, maana hesabu hizo tayari zimo katika mitambo.

Tatu, kumbukumbu za safari, bila ya majina ya abiria, zifikishwe kwa mdhibiti kwa utaratibu maalumu, na mdhibiti awe na watu wanaojua kuzisoma. Mkaguzi asiyejua kufungua kipimo hana tofauti na asiyekuwapo.

Nne, nauli isilale usingizi. Bei kikomo za mafuta hutangazwa na EWURA kila mwezi, na dereva huzilipa kila siku. Itakuwa ajabu kama kitu kinachonunuliwa chapanda na kushuka kila mwezi, na kitu kinachouzwa chakaa miaka bila ya kutazamwa. Iwekwe kanuni kwamba mafuta yakipanda au yakishuka kwa kiasi kilichotajwa, nauli kikomo ihesabiwe upya.

Madereva nao wana wajibu wao. Mali bila daftari hupotea bila habari. LATRA huitisha mikutano ya kukusanya maoni ya wadau kabla ya kupanga nauli, na katika mikutano ya namna hiyo kilio peke yake hakina uzito wa kutosha mbele ya kampuni iliyokuja na makaratasi. Dereva aandike kila siku kilomita alizokwenda na abiria, kilomita alizokwenda bila ya abiria, lita alizonunua, makato aliyokatwa, na hesabu aliyopeleka kwa tajiri. Daftari la mtu mmoja ni habari za mtu mmoja. Madaftari ya watu mia mbili, yaliyojumlishwa na chama chao, ni ushahidi ambao hakuna mwenye kikao awezaye kuupuuza.

Abiria nao wasikae nyumbani. Liko Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini, lililowekwa kwa ajili yao. Waende, waseme bei inayowashinda, na waulize kwa sauti kubwa fedha zao zinakwenda wapi baada ya kushuka garini. Swali hilo likiulizwa na abiria na dereva kwa pamoja, itakuwa vigumu kulijibu kwa asilimia peke yake.